Pointi Alizonipa Koko wa Sofi

Siku yangu ya kwanza ya kazi, katika shule ya kijijini Marabo, nilifika na boksi la chaki, sketi mpya, na bila fishi. Ninyi mnaoanza ualimu leo mtacheka. Fishi ni karatasi ya maandalizi: juu unaandika lengo la somo, kisha maswali ya kuwakumbusha watoto somo la jana, kisha maelezo, na mwisho muhtasari wa kunakili; Direkta, mkuu wa shule, huitia sahihi kabla hujafundisha. Direkta wa Marabo, mzee mrefu aliyepiga kengele mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na saa, alinisimamisha mlangoni.

"Madame, fishi iko wapi?"

"Direkta, somo iko mu kichwa."

"Kichwa ya nani? Mimi siwezi kutia sinyatire ku kichwa yako. Rudia nyumba, andika."

Nilirudi nyumbani nikilia, nikaandika. Tangu siku hiyo sikuwahi kukosa fishi, na ubishi niliozaliwa nao nikaugeuza kuwa usafi wa maandishi. Wakaguzi walizipitisha fishi zangu mkono kwa mkono. Nilikuwa na majivuno, siwafichi.

Kutoka Marabo nilipelekwa Niania, nyumbani kwetu, na baadaye Bunia, katika shule moja ya mtaa wa Shari, ambako nilifundisha mwaka wa tano hadi nilipostaafu. Masomo niliyoyapenda kupita yote yalikuwa historia na elimu ya uraia. Kuchagua kapita wa darasa, yaani kiongozi wa wanafunzi, kulikuwa sherehe. Wagombea walisimama wakiangalia ukuta, mikebe nyuma yao, na kila mtoto alipita akatia punje moja ya hindi. Tulihesabu kwa sauti, darasa zima. Katika chumba kile walikaa watoto wa Mahagi na watoto waliokimbia vita huko Djugu, benchi moja, na kelele za kuhesabu zilifika hadi barabarani. Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja, tulifagia uwanja na kuzibua mifereji, mimi mbele na jembe. Nilifurahi mno miaka ile.

Sofi aliingia mwaka ambao darasa lilikuwa limejaa hadi madirishani. Alikuwa mtoto mwembamba, mpole, na hesabu alizimaliza kabla sijafuta ubao. Nilijua tu kwamba alilelewa na nyanya yake, Koko kama tunavyowaita wazee wetu, aliyeuza sokoni majani ya mangungu, yale ya kufungia chakula. Sikuuliza zaidi.

Siku moja fishi yangu ilikuwa juu ya wakaaji wa kwanza wa nchi yetu, Wambuti, watu wa msitu. Niliandika vizuri: mawindo, asali, nyumba za majani. Halafu, ili kunogesha somo, nikaongeza jambo ambalo halikuwa katika karatasi.

"Hata siye kwetu Niania tulikuwa na Bambuti wetu. Baba aliwapatia chumvi na ndizi, wao wanatuletea nyama na asali."

Nilisema kwa upendo kabisa. Kwetu kila familia ilisema hivyo, na sikuwahi kusikia mtu akiona aibu. Mtoto mmoja akainua kidole: "Madame, mulikuwa nao ngapi?"

Na mimi, mwalimu mzima, nikaanza kuwahesabu kwa vidole. "Familia tatu. Hapana, ine."

Sofi alifunga daftari, akachukua mfuko wake, akatoka. Nilidhani anaenda chooni. Hakurudi siku ile, wala kesho yake, wala wiki nzima. Nilipouliza, jirani yake wa benchi alinitazama kwa mshangao.

"Madame, Sofi iko Mumbuti. Haukujua?"

Sikujua. Mwaka uliofuata Sofi angefanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na msichana anayetoka katika mwaka wa tano harudi kirahisi. Nilimwona tayari sokoni, furushi la majani kichwani, akipiga hesabu zake bila daftari. Mimi ndiye niliyemtoa, na nilimtoa kwa somo la uraia.

Nilikwenda sokoni. Koko alikuwa ameketi nyuma ya majani yake, mwanamke mdogo wa umbo, macho makali. Sofi alikuwa kando yake akifunga mafurushi. Hakuniangalia.

"Koko, nimekuja kuomba musamaha."

"Ulikosea wapi?"

"Mu klasi, mbele ya batoto."

"Basi musamaha iko kule. Hapa sokoni haukukosea mutu." Akapanga majani, kisha akasema: "Tutakuja siku ya ine. Na mimi niko na maneno."

Siku ya nne ya wiki, Alhamisi, Enspekta, mkaguzi wa shule, alifika bila taarifa. Direkta wa Shari, mtu mwema aliyetetemeka mbele ya kila mtu mwenye kofia, alinivuta kando.

"Madame, ule Koko mbele ya mulango, umurudishe. Enspekta iko hapa!"

"Direkta, nikimurudisha, Sofi anapotea."

Alifuta jasho, akatupisha, mimi, Koko na Sofi. Enspekta aliketi benchi la nyuma, magoti yakigusa kidevu, fishi yangu ya siku mkononi. Nilisimama mbele.

"Batoto, wiki iliyopita nilihesabu watu kama mbuzi ya baba yangu. Ilikuwa vibaya. Sofi, unisamehe. Koko, unisamehe."

Koko alisogea mbele, akanitazama kutoka chini hadi juu.

"Nimesikia. Sasa batoto, musikilize. Kwa Madame walisema 'Bambuti wetu.' Munajua siye kule mu pori tulisema nini? Tulisema 'bantu ya mugini wetu', watu wetu wa kijiji! Mimi nilikuwa nao familia tano." Akainua vidole. "Maskini, walikuwa wanaogopa pori. Nyama hawawezi kupata. Asali wanaona, kupanda hawawezi. Siye tulikuwa tunawahurumia, tunawaletea. Bila siye wangekula ndizi tu mpaka kufa!"

Watoto walicheka hadi wengine wakaanguka mabenchini. Mimi nilicheka hadi machozi, nikimwona baba yangu, mtu mwenye sauti nene, akihurumiwa na watu aliodhani ni wake. Na Sofi alicheka, mkono mdomoni. Koko akaendelea kuwafundisha jinsi ya kumfuata nyuki kwa macho, na namna ya kuacha sehemu ya asali ili nyuki warudi. Nilichukua chaki nikaandika kila alichosema.

Mwishoni Enspekta aliuliza: "Madame, hii somo haiko mu fishi?"

"Haiko, Bwana Enspekta."

Akaandika katika daftari langu: "Fishi: hapana. Somo: ndiyo."

"Ule baba anaandika nini?" Koko akauliza.

"Anapatia Madame pointi," Sofi akajibu, akiwa ameketi tayari mahali pake.

"Na mimi nampatia. Sita ku kumi. Ameomba muzuri, lakini alikawia."

Mwaka uliofuata Sofi alifaulu mtihani. Koko alikuja hadi mlangoni kwangu, amebeba asali iliyofungwa katika jani. "Sasa iko saba," akasema, akaenda zake.

Nimestaafu. Nina cheti cha wizara ukutani, na walimu vijana hunitembelea kuomba ushauri. Ninawaambia waandike fishi zao vizuri, kisha wainue macho watazame walioketi mbele yao. Koko ameshafariki, na sikupata kumwuliza juu ya pointi tatu zilizobaki. Sikuhitaji. Ni za watoto wa Kimbuti walionisikia nikisema "Bambuti wetu" miaka yote kabla ya Sofi, kule Marabo na Niania, wakanakili muhtasari, wakakaa kimya.