Teksi ya Ida Crabtree

Thelma Oldroyd aliuza utumbo wa ng'ombe sokoni kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kuonja hata kipande. Utumbo wenyewe ulikuwa wa mpira, umepakwa mafuta ili ung'ae mbele ya kamera, na soko lilikuwa mbao na rangi tu ndani ya ghala pembeni mwa jiji la Leeds. Lakini ikifika jioni nusu ya Uingereza ilikuwa imejipanga kwenye makochi, sahani magotini, ikimsubiri. Tena wala si yeye waliyekuwa wakimsubiri. Walimsubiri Ida Crabtree, mjane mwenye mdomo usio na kifuniko na moyo usio na kinyongo, mama wa kijana aitwaye Clive. Tamthilia yenyewe iliitwa Sokoni, basi, maana watu wa Yorkshire hawana muda wa madoido.

Thelma hakuwa mtoto wa wasanii. Baba yake alifuma mablanketi kiwandani huko Batley, na yeye mwenyewe alianza maisha akipakua viazi kwenye kantini ya kiwanda hicho hicho. Sanaa aliipata kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye michezo ya Krismasi, watu wakicheka kabla hajafungua mdomo. Runinga ilipomwita ilimpa makombo. Mara muuguzi mwenye sentensi mbili, mara jirani anayefungua mlango na kumwambia polisi kwamba hakusikia kitu, na siku moja maiti, tena maiti iliyopiga chafya. Umri ulikuwa unaikaribia arobaini alipopewa Ida, kwa vipindi vinne tu vya kujazia. Ida akaingia, akagombana na mteja juu ya kitunguu, nchi nzima ikavunjika mbavu. Wakamwongezea vinne, na vinne vingine, mpaka mvi zikamwota akiwa nyuma ya meza ile ile.

Watu walimpenda mpaka wakasahau mipaka. Siku Ida alipomsengenya kasisi wa mtaa, mama mmoja alimsuta Thelma kweupe kwenye kituo cha basi, na Thelma, badala ya kumwambia ukweli, akaomba radhi. Ndivyo alivyokuwa. Mumewe Stan, dereva wa gari la maziwa, alikuwa akitamba baa kwamba ameoa wake wawili na analisha mmoja. Stan alipofariki zilikuja kadi mpaka mkeka wa mlangoni ukafunikwa, na nyingi ziliandikwa "Pole sana, Ida." Mwingine angekasirika. Thelma alizisoma zote akilia, na zilimpoza. Hawakujaliwa mtoto, yeye na Stan. Aliyekuwa akimwita Mama, mbele ya kamera na hata kwenye foleni ya chai, alikuwa Gareth Pollitt, kijana aliyeigiza Clive.

Halafu akaja mkubwa mpya wa tamthilia, mtu wa mashati ya kubana, akasema Sokoni imejaa wazee kama zahanati. Ida aondoke.

Sasa kwenye kazi ile kila mwigizaji anajua kuna milango miwili ya kutokea: teksi na jeneza. Ukiondoka kwa jeneza umekwisha, watu watalia wiki moja na kesho yake utumbo utauzwa na mwingine. Ukiondoka kwa teksi, hata kama unakwenda mwisho wa dunia, u hai, na aliye hai hurudi. Kuna waliorudi baada ya miaka kumi wakiwa na nywele za rangi nyingine, wakapokewa kama maharusi. Kwa hiyo Thelma, ambaye maishani mwake hakuwahi kuomba hata chumvi kwa jirani, alipanda ngazi hadi ofisini kwa yule bwana, akamwomba. Muue unayemtaka, alimwambia, lakini mimi nipe teksi. Bwana akatazama saa yake, akampa.

Basi Ida akahamia Uhispania kwa dada yake ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Teksi nyeusi ikasimama, mvua ya bomba ikanyesha, Clive akapunga mkono mpaka gari likapotea nyuma ya ukuta wa mbao. Gareth alilia machozi ya kweli siku ile, akaapa kwamba atampigia simu kila Jumapili.

Alipiga, mwanzoni. Baadaye ikawa Krismasi na sikukuu ya kuzaliwa. Baadaye ikawa kimya.

Thelma akakaa kusubiri. Aliitwa kuigiza mke wa kasisi kwenye tamthilia ya wapelelezi, akakataa. Aliitwa kuigiza bibi mwenye duka la sumu, nafasi nzuri kweli, akakataa vilevile, kwa hoja kwamba watu wakimwona na sura nyingine watamsahau Ida, na Sokoni watakapomtaka watamkuta amechuja. Wakala wake alimwonya mpaka akachoka, kisha naye akaacha kupiga simu. Dukani watu walimuuliza, Ida, unarudi lini kutoka Uhispania? Naye akajibu kwamba jua la huko tamu, ila chai yao haifai, na kwamba atarudi tu. Wahenga walisema subira huvuta heri. Mwenzetu ilimvutia uzee. Miaka tisa, na bado kila simu ikilia alisafisha koo kabla ya kupokea.

Simu yenyewe ikaja asubuhi moja ya Februari. Aliyepiga ni Harriet Fenwick, mkubwa mwingine mpya, binti mwenye sauti ya upole. Alisema wamemkumbuka sana Ida pale kazini. Moyo wa Thelma ukaruka. Kisha Harriet akaeleza kwamba Clive atapokea simu kutoka Uhispania kwamba mama yake amefariki usingizini, na wameona wamwarifu mapema asije akasoma magazetini. Je, angekuwa na picha nzuri ya kuweka juu ya kabati la Clive?

Thelma alisema anayo, akashukuru, akaweka simu chini. Halafu akakaa kwenye ngazi na koti lake la nyumbani, na iliuma, wala tusipake rangi, iliuma kuliko alivyodhani kitu cha runinga kinaweza kumuuma mtu mzima. Kufa angekubali, amefika sabini. Lakini kufa kwa simu, bila hata kuitwa?

Kesho yake akavaa koti zuri, akapanda treni kwenda Leeds. Mlinzi wa getini alimkumbatia. Harriet alimpa kiti na biskuti, akidhani amekuja kumwombea Ida uhai, akawa ameshatayarisha maneno ya kukataa.

"Nimekuja kuomba kufa," Thelma alisema.

Harriet akabaki na kikombe hewani. "Thelma, nilisoma kwenye kumbukumbu zetu kwamba ulimsihi yule wa kabla yangu asikuue."

"Nilimsihi, ndiyo. Nilidhani kuna siku mtaniita. Sasa najua hamniiti. Basi mwanangu, kama Ida anakufa, niache nimfie mwenyewe. Nimekaa naye miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume wangu."

"Uhispania ni mbali. Hatuna fungu la kupeleka kamera huko."

"Kitanda ni kitanda. Niwekee pazia jeupe na taa kali dirishani, watu watasikia joto wenyewe."

Harriet alicheka, kisha akaacha kucheka, maana aliona yule mama hacheki. Akampa asubuhi moja. Maneno hakumpa: Ida amepigwa na kiharusi, hawezi kusema, mwanawe anafika, anamshika mkono, yeye anafumba macho. Ida Crabtree bila neno! Thelma alikubali kabla sentensi haijaisha.

Siku ya kurekodi Gareth alikuja akiwa amenenepa, nywele amezipaka rangi. Alisimama mbele ya kitanda kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu, akaongelea msongamano wa magari barabarani. Thelma akamjibu kwamba mvua imezidi mwaka huu. Ndivyo watu wa kule wanavyosema mambo wasiyoweza kuyasema. Kisha taa zikawaka, ghala likanyamaza.

Gareth akaketi, akaushika mkono wake, akasema maneno yake yaliyoandikwa, "Niko hapa, Mama." Hapo alitakiwa anyamaze. Hakunyamaza.

"Sikukupigia," alisema. "Kila Jumapili nilisema wiki ijayo. Niliona aibu kwamba mimi nimebaki na wewe umeondoka. Halafu nikaona aibu ya aibu yenyewe."

Hakuna aliyemkatiza. Thelma alikuwa na jibu, bila shaka alikuwa nalo, lilimfika mpaka kwenye meno. Lakini Ida hawezi kusema, na kazi ni kazi. Akalimeza. Akaubana ule mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka Gareth akainama, kisha akaulegeza taratibu, kidole kimoja kimoja, akafumba macho.

"Kata," mwongozaji alisema kwa sauti ya chini.

Kuna desturi kwamba mwigizaji akimaliza onyesho lake la mwisho watu wote hupiga makofi, mafundi wa taa, wapaka rangi, wapishi. Wakapiga, wengine wakifuta pua. Harriet alikuwa na maua mkononi. Lakini Thelma hakuinuka. Makofi yakapungua, yakaisha, na yeye amelala vile vile chini ya shuka jeupe.

Gareth akamwinamia, uso umemshuka. "Thelma? Mama?"

"Mimi mzima," alisema, bado amefumba. "Niacheni kidogo tu. Nikifumbua haya macho, sina tena pa kurudi."

Gareth akaushika ule mkono upya, na mwongozaji akawaambia watu wa taa waende wakanywe chai kwanza.