Mchezaji Wangu Mpya Ni Baba Yangu

Ndugu wasomaji, nawatangazia kwa taadhima kwamba firimbi yangu ya bati, iliyokitumikia chuo chetu kwa uaminifu, imestaafu. Haikuugua. Mkuu wa Chuo aliichukua Jumatatu asubuhi, akamvisha shingoni mwalimu mwenzangu ambaye ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwenye mke mmoja, watoto sita na kitambi. Nafundisha jiografia katika chuo cha walimu hapa Kisii, na kwetu ni upande wa Ekerenyo. Mpaka juzi nilikuwa pia kocha wa mpira wa kikapu, ingawa mimi nikiruka, ni visigino tu vinavyopata habari. Mwenye ukurasa huu, nifichie jina. Mtaona kwa nini.

Mwaka huu chuo kimoja cha mbali kilifungwa na wanafunzi wake wakagawanywa. Sisi tukapata wachezaji watatu. Loo! Mngedhani tumeletewa mvua wakati wa ukame. Mkuu wetu, ambaye si mtu wa huku, alimwita seremala atengeneze kabati la kioo la kuwekea kikombe kabla hatujacheza hata mechi moja. Akina mama wa ndizi sokoni wakawa wananiuliza, "Mwalimu, wale warefu wako wamefika?"

Mrefu kuliko wote ana miaka ishirini na miwili. Nimwite Ombati, ingawa silo jina lake. Siku aliyofika nilimsalimu jinsi tunavyosalimiana huku: wewe ni wa nani, wa boma gani? Akasema ni wa Nyacheki, akamtaja baba yake. Baba yake ni mdogo wake babu yangu, aliyehamia huko zamani na kuoa tena uzeeni.

"Basi wewe ni tata," nikasema, yaani baba.

"Ndiyo, mwanangu," akanijibu bila hata kutabasamu.

Asiye wa kwetu atacheka. Lakini kwa Wagusii baba wa ukoo ni baba, hata kama ulimtangulia kuzaliwa. Humkemei. Humsukumi. Akisimama, nawe unasimama. Yeye naye haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hamwaibishi mbele za watu. Ni heshima ya pande mbili, na hapo ndipo penye kidonda changu.

Mazoezi ya kwanza nilipuliza firimbi wote wauzunguke uwanja. Wale wageni wawili wengine wakatimka kama waliofukuzwa na nyuki. Ombati akaketi juu ya jiwe.

"Mwanangu, leo baba yako amechoka."

Ningefanya nini? Nikasema, "Pumzika, tata." Kapteni akapaza sauti, "Mwalimu, tutajie ukoo wako wote, na sisi tujitafutie mawe!" Timu ikacheka mpaka mpira ukabingirika mtaroni. Ikawa hivyo kila jioni. Wenzake wanaloa mvua, yeye amejikinga chini ya paa la jikoni akinipungia mkono.

Nilikwenda kwa Mkuu nikamwomba mwalimu mwingine amfunze huyu mmoja tu. Akanitazama juu ya miwani. "Baba wa miaka ishirini na miwili? Mwalimu, sema tu unamwonea kijana wivu." Nyumbani, mke wangu naye akasema, "Baba Moraa, wenzako wanaletewa wachezaji, wewe umeletewa mzazi."

Fainali ilichezwa Jumapili, maana nusu ya timu ni Wasabato. Tukashindwa. Kesho yake, mbele ya chuo kizima, Mkuu akamuuliza Ombati, "Kocha wako alikuelekeza nini?"

Nilimtazama baba yangu. Nilijua atanisitiri.

"Hakuwahi kunielekeza kitu, bwana Mkuu. Nadhani hanipendi."

Hapo ndipo firimbi ilipostaafu. Mila aliikumbuka kila alipotaka kuketi, akaisahau siku moja tu, siku niliyoihitaji mimi. Kabati la kioo, nasikia, sasa mke wa Mkuu anawekea sahani.

Ijumaa naitwa mbele ya baraza la chuo. Nikieleza jinsi alivyokataa mazoezi, nitakuwa nimemvua baba nguo hadharani, na huko nyumbani sitakuwa na pa kuketi. Nikinyamaza, nitabaki yule mzee mwenye wivu, na inasemekana nitahamishwa. Naam, mimi ndiye mhamiaji mpya mtakayemsikia.

Sasa niwaambie kilichotokea kweli Jumapili, maana hata mke wangu hajui. Kufikia kipindi cha pili Ombati alikuwa anahema kama ng'ombe anayepanda mlima. Mpira ulikuwa unapokonywa mikononi mwake. Kando yangu alikaa mmoja wa wale wageni wawili, yule mfupi aliyekuwa akikimbia mvuani, kamba za viatu amekwishazifunga. "Mwalimu, niingize. Nakuomba." Tulikuwa nyuma kwa kikapu kimoja. Nikainuka nimwite Ombati atoke. Yeye akaniona. Alitikisa kichwa polepole, vile baba anavyomtikisia mwanawe anayetaka kusema mbele ya wageni.

Nikaketi. Yule mfupi akainama, akaanza kufungua kamba zake.

Ninapoandika haya, Ombati yuko nje ya ua wangu. Haingii, maana mila anaijua vizuri. Anaita, "Mwanangu! Hakuna chai huko?"

Nimeshasimama. Ndugu zangu, nyinyi ambao hamna baba katika jambo hili, niambieni kabla sijampelekea kikombe: Ijumaa niseme, au ninyamaze?