Korongo la Pazia na Korongo la Malewa

Kama uliwahi kupigwa picha mjini Nakuru kabla simu hazijaingia mifukoni, basi huenda ulisimama mbele ya pazia la studio ya Immaculate. Lilichorwa korongo: miamba myekundu huku na huku, mto mweupe katikati, na ndege wawili ambao mchoraji aliwaongeza bila kuombwa. Kwa miaka thelathini na minne watu walisimama hapo, mabibi harusi, makarani wapya, watoto wa kipaimara, na wote aliwaambia maneno yaleyale: "Kidevu juu kidogo. Bega la kushoto nyuma. Hapo hapo."

Picha hizo zilitundikwa sebuleni kote mjini, lakini zilitundikwa kwa sababu ya waliomo. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alipiga. Jambo hilo halikumsumbua Immaculate hata kidogo, mpaka Kanchan alipoanza kupiga picha.

Kanchan alikuwa jirani yake, muuza vitambaa, mlango wa tatu kutoka studio. Miaka yote hiyo hakuwahi kuingia kwa Immaculate hata kwa picha ya pasipoti. Alipofika sitini akawaachia wanawe duka, na binti yake Avni akamletea kamera kutoka Uingereza, yenye lenzi ndefu kama thamosi. Miaka miwili tu, na picha yake ya flamingo ikatokea kwenye kalenda ya Vipul.

Sasa, kalenda ya Vipul si ya kudharau. Vipul anauza mabati na misumari, na kila Desemba humpa kila mteja kalenda moja. Utaikuta kwa kinyozi, kwenye hoteli za Salgaa, popote penye msumari. Immaculate aliwaona flamingo wale kwa daktari wa meno, kisha kwa fundi viatu, na hatimaye, Mungu amsamehe, jikoni kwa dada yake Sue.

"Wametoka vizuri, ama?" Sue akasema.

"Ni ndege tu," Immaculate akajibu. "Ndege hata hawajui kukunja uso."

Mwaka huu Vipul akatangaza kwamba anataka korongo la mto, na kwamba hii ndiyo kalenda yake ya mwisho yenye mandhari. Kuanzia mwakani atachapisha picha za mabati. Akawaomba wanawake wote wawili, kila mmoja alete yake kufikia Ijumaa. Immaculate alikuwa na miaka sitini na sita. Alijua nafasi nyingine haiji.

Walienda pamoja siku ya Jumatano, kwa kuwa Kanchan alikuwa na gari na Immaculate aliijua njia; marehemu mume wake alifanya kazi shamba moja ng'ambo ya Gilgil, huko ambako mto Malewa umekata miamba ukazama chini.

"Mama Quincy, njoo usimame hapa nilipo," Kanchan akamwita Immaculate kwa jina la mwanawe, kutoka ukingoni. "Hapa panaonekana vizuri zaidi. Mimi nitasogea."

Hata wema wake ulikuwa na lenzi ndefu. Immaculate akasema asante, akaenda kusimama kwingine.

Akafanya alivyozoea. Akaliweka jua mgongoni, akatengeneza stendi, akainama kwenye kamera, akangoja. Ilimchukua muda kutambua alichokuwa anangoja: mtu aje asimame. Akajicheka kimyakimya, akapiga hivyo hivyo, picha arobaini. Alipozitazama kwenye kioo cha kamera moyo ukamshuka. Miamba ile iliyomtisha kwa macho, pale ilikuwa midogo, imelala. Ilikuwa pazia lake, tena lile la mwisho mwisho, baada ya kufuliwa mara nyingi.

Wakati huo Kanchan alikuwa ameteremka taratibu hadi kwenye mwamba ulio juu ya maji, mtandio wake wa manjano ukipepea. Alionekana mdogo kama punje ya mahindi. Na ghafla korongo likawa refu. Kuta zikapanda, maji yakapata kina, kila kitu kikajua kimo chake.

Immaculate aliliona hilo, na akakataa. Akageuza kamera upande wa kushoto: mawe. Akageuza kulia: mawe. Akarudi katikati akiwa na uchungu mdomoni, na mdomo huo ukasema wenyewe, kwa sauti kubwa:

"Mama Avni, kidevu juu kidogo. Bega la kushoto nyuma."

Nyuma, nyuma, korongo likarudia. Na Kanchan, kama mji mzima ulivyofanya kabla yake, akatii.

"Ulinipiga?" aliuliza garini.

"Nilikuwa napima mwanga."

Ijumaa Immaculate alimkuta Kanchan ameshafika dukani, wanacheka na Vipul kwa Kigujarati. Picha yake ilikuwa juu ya kaunta: ukungu juu ya maji, jua likigusa ukuta mmoja tu. Ilikuwa nzuri. Immaculate aliihisi kama pilipili jichoni. Akatoa yake ya mawe matupu.

"Nzuri, mama," Vipul akasema.

Immaculate aliijua hiyo 'nzuri'. Ndiyo hiyo hiyo aliyowapa wateja wenye sura ngumu kwa miaka thelathini na minne. Basi akaingiza mkono tena kwenye bahasha, polepole, akatoa ya pili.

Vipul akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama, akaitazama tena.

Kanchan akavaa miwani. "Huyo ni mimi?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Miaka yote hii sikuwahi kuingia kwako, Mama Quincy."

"Najua," Immaculate akasema. "Nilikuwa nahesabu."

Desemba kalenda ikatoka. Immaculate alipita kwa kinyozi makusudi, akaikuta pale msumarini.

"Mathe," kinyozi akamwita, "huyu mama wa mtandio ni nani? Ametoka vizuri sana."

Wivu ukamchoma palepale pa siku zote.

"Ni mteja wangu," akasema, akasogea karibu ukutani, ahakikishe kwamba jina lake, lile la herufi ndogo pale chini, bado lilikuwepo.