Lugha Nilizozikana Nachingwea

Wajukuu zangu wananiuliza kama kujua lugha nyingi kunasaidia kuingia chuo. Kunasaidia, nawajibu, ukikubali kwamba unazijua. Mwenzenu nilikataa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nimemaliza shule ya kati, nautaka uuguzi na kingine sikitaki. Nikikosa chuo, naolewa. Baba alikuwa ameshapokea posa. Usaili ulikuwa Nachingwea, mji uliokuwa unanukia rangi mbichi na mafuta ya matrekta ya mashamba ya karanga. Jamani, nilivyoupenda! Tulitoka Ruangwa juu ya lori la magunia, mimi na mwenzangu wa darasani, binti wa Kimakua, tumekunja gauni zetu zisishike vumbi, tunaimba njia nzima.

Sasa, shuleni kwetu aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Mimi nilikivaa mpaka nikakizoea. Kwa hiyo metroni wa Kizungu, mkuu wa wauguzi pale hospitalini, aliponiuliza najua lugha gani, nikajikaza, nikasema Kiingereza na Kiswahili.

Mganga msaidizi aliyekaa kando yake akadakia, "Na Kimwera je, binti? Kiyao?"

"Sijui, bwana."

Wallahi nilisema hivyo, mimi Mmwera wa Ruangwa! Na hicho Kiingereza chenyewe hakikufika mbali. Swali la tatu kikaniishia.

Mwenzangu akaingia baada yangu. Kiingereza changu kilikuwa afadhali kuliko chake, lakini yeye alizitaja zote: Kimakua cha kwao, Kimwera cha majirani, Kimakonde cha sokoni. Wakamletea mgonjwa, mama wa Kimakonde, wakaongea hadi vicheko vikasikika nje. Akachukuliwa. Nilimwonea wivu, sifichi.

Nikarudi peke yangu. Mama alinikuta uani, akauliza walisemaje. Mama yangu hakuwa na lugha nyingine ila Kimwera. Ndicho alichonibembelezea, ndicho alichonifundishia kila kitu. Nikamsimulia kwa Kimwera habari za lori, za metroni, za yule mganga, mpaka nikafika kwenye jibu langu. Nikamwambia nimeshindwa hesabu.

Maskini, akaniamini. "Pole, mwanangu," akasema, kisha akaenda kumwambia baba awaite wenye posa.