Mafaili ya Swalha

Swalha ana kicheko kizuri, ana subira, na sasa ana wateja wengi kuliko mimi. Nayasema mapema msije mkaniona mnafiki: namwonea kijicho. Tunakaa ofisi moja, ghorofa ya saba, mtaa wa Dengfeng hapa Guangzhou, meza yake dirishani na yangu mlangoni, na kila siku nakiona kisogo chake kikitikisika kwa kicheko cha simu.

Mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege wa Baiyun alipotoka Unguja, kavaa kikoti chembamba katika baridi ya Januari. Alikuwa mwalimu wa skuli, mume kamtaliki, mtoto kamwacha kwa mama yake. Nikamfundisha uwakala. Mtu wa Dar anakutumia picha ya kitu, unazunguka masoko mpaka ukipate, unaipiga picha sampuli, na palepale unaipa picha jina: mtaa, ghorofa, namba ya duka, na mwenye duka anaitwa nani. Nilimwambia picha isiyo na jina ni takataka. Wakala wa huku hana siri nyingine. Akiyajua mtu maduka yako, kazi yako kaichukua.

Alijifunza haraka kuliko nilivyotaka.

Mwaka jana wakala mwenzetu, Abass, aliibiwa simu kwenye metro, na picha zake za miaka sita zikaenda nayo. Sote tukaingiwa na hofu. Swalha akateremka kwa Japheth, Mkenya anayeuza na kutengeneza kompyuta hapo chini, amtafutie namna ya kuweka bakapu, nakala za akiba, mtandaoni. Nikamfuata nikijifanya nanunua waya wa chaja.

"Sikiza, auntie," Japheth alimwambia. "Ukizirusha picha huko hivyo tu, wenye hiyo mitambo wanaweza ziona. Zifunge kwanza kwa kompyuta yako, zipande zikiwa zimefungwa. Ufunguo unabaki na wewe. Hata mimi siwezi fungua."

Ndiko kusimba faili huko. Akamwonyesha programu mbili. Moja inatia vitu vyote ndani ya sanduku moja kubwa lililofungwa, nyingine inafunga faili mojamoja.

"Nikiongeza picha moja kwenye sanduku," Swalha akauliza, "litapanda lote upya?"

"Hii ya sanduku, ndiyo. Na kwa VPN yetu ya kuruka vizuizi vya mtandao wa huku, utangoja hadi uzeeke."

"Basi nipe ya mojamoja. Na nikisahau nenosiri?"

"Imeisha hiyo. Hakuna wa kukuokoa. Liandike kwa karatasi, ufiche." Japheth akacheka. "Wateja wangu wote, ni wewe tu umeuliza hayo."

Swalha akanigeukia, "Dada Bimkubwa, na wewe si ufanyiwe?" Nikamwambia zangu ziko salama. Kesho yake nikarudi kwa Japheth peke yangu nikachukua sanduku, kwa sababu tu Swalha alikuwa hakulitaka. Nikiongeza picha tatu, kompyuta inapakia kutwa nzima, VPN ikikatika inaanza upya. Nikavumilia hivyohivyo.

Wakati huo wateja wangu walikuwa wanapungua. Tangu Ramadhani mmoja hajibu ujumbe, mwingine ananiambia mwezi ujao, inshallah. Wa Swalha wamejaa mpaka kwenye ngazi, wanakunywa chai yake ya tangawizi.

Siku moja alikwenda Foshan kutazama vigae, akaacha laptop yake imewaka mezani. Nilinyanyuka kufunga dirisha. Huo uongo, nilinyanyuka kutazama.

Ukurasa wa hifadhi yake ya mtandaoni ulikuwa wazi. Nikabofya picha, ikataka nenosiri. Nikabofya nyingine, vilevile. Japheth hakumdanganya. Lakini majina! Programu ilizifunga picha, ikayaacha majina yake yanasomeka, na Swalha alizipa majina vilevile nilivyomfundisha. Yide Lu, ghorofa ya tatu, duka fulani, midoli ya kuogea watoto, Bibi Lin. Duka baada ya duka, kazi yake yote ya miaka mitatu, naisoma nimesimama.

Chini kabisa palikuwa na faili limeandikwa "Wateja wa Bimkubwa".

Nikabofya, likataka nenosiri. Nikajaribu jina la mtoto wake, nikajaribu jina la mama yake, nikajaribu mara saba. Halikufunguka, na mimi sikuhitaji tena lifunguke. Kumbe ndiye anayenichukulia watu, na orodha kaiandika! Nikachukua mkoba nikapanda metro mpaka Yide Lu.

"Laoban," nikamwambia Bibi Lin, kama wanavyoitwa wenye maduka huku, "midoli hii usimuuzie Mtanzania mwingine. Mimi tu." Nikaweka oda kubwa, akakubali.

Juma lililofuata Swalha alirudi mikono mitupu. "Ananiambia meiyou, hakuna, na midoli naiona rafuni," alisema. "Dada, nimemkosea nini Bibi Lin?" Nikamwambia pengine kapata mteja mkubwa. Nilifurahi, sitaficha.

Kisha akaja Hasna wa Kariakoo, mteja wangu wa siku nyingi aliyepotea tangu Ramadhani. Tukakaa kwenye mkahawa hapo mtaani.

"Mie nimembembeleza Swalha miezi anichukue, hataki," alisema bila haya. "Kila siku, 'Wewe ni wa dada Bimkubwa, rudi kwake.' Katurudisha wengi. Majina yetu kayaandika asije akasahau akatupokea. Na wewe nawe, Bimkubwa, siku hizi mtu akikuuliza kitu unamjibu utadhani kakutukana."

Wali ulinishinda. Bora angekuwa mwizi, ningemshinda. Sasa na wema kanizidi, na kijicho changu badala ya kupoa kikazidi.

Nilipopanda ofisini nikamkuta na rundo la nakala za pasipoti za wateja, za kuombea viza.

"Hizi nazipakia sasa hivi," alisema. "Kila moja na jina la mtu na namba yake ya pasipoti. Halafu folda yote naifungulia ofisi ya mizigo ya Dar, wawe wanachukua wanachohitaji."

Niliketi. Nikinyamaza, namba za pasipoti za watu zitasomwa na kila atakayeifikia folda. Nikisema, nimejitaja.

"Usipakie," nikasema. "Majina yanaonekana. Muulize Japheth, lazima pana pa kutia tiki yafichwe."

Akafungua ukurasa, akatazama. "Kweli," alisema taratibu. "Wewe umejuaje?"

Kidole chake kikashuka juu ya kioo, jina baada ya jina, kikasimama kwenye duka la Bibi Lin.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

Heri angepiga kelele. Hakupiga. Alitafuta mahali pa tiki mpaka akapaona, akaitia, akavuta laptop karibu na kifua.

"Nataka kuweka nenosiri jipya, dada," akasema kwa adabu yake ileile. "Tafadhali geukia kule."

Nikageukia mlango, nikamsikia akibofya herufi mojamoja, nyingi sana.