Upande wa Bonde

Enzi zetu, sisi tuliojifunza kutembea wakati bendera mpya ilikuwa bado haijapauka, tambarare ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Kijijini kwetu, juu ya barabara iendayo Lushoto, kila kitu kiliegemea. Nyumba ziliegemea mlima, mahindi yaliegemea nyumba, na mbuzi walikuwa na namna yao ya kusimama. Tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu, tukaenda shule katikati ya harufu ya mikaratusi iliyolowa, na ukungu ulipoingia darasani mwalimu aliita majina akaziamini sauti. Mahali pamoja tu palikuwa sawa, napo palichongwa kwa jembe: uwanja wa mpira.

Waliouchonga ni baba na wenzake. Wakati wa ukoloni watu wetu waliamriwa kuchimba matuta katika miteremko, wakagoma mpaka wakubwa wakachoka. Uhuru ulipopatikana, watu walewale walipuliza pembe ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wakachimba kwa hiari yao tuta moja kubwa kuliko yote ambayo bwana shamba wa kizungu aliwahi kuyaota. Hakuna aliyeona ajabu.

Jezi zilitoka Skotilandi. Msimamizi mmoja wa shamba la chai, mtu wa nchi hiyo, alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia baba fulana kumi na moja za sufu nzito, zenye mistari ya kahawia, za klabu ya mji wake mdogo. Alimsimulia na historia ya klabu hiyo: ilianzishwa na wafumaji wa nguo, haikuwahi kutwaa kombe lolote, na kila Jumamosi watu walikwenda kuitazama wakinyeshewa. Baba aliisikiliza historia hiyo kwa heshima, akaona inafaa kuigwa. Tuliiiga kwa miaka kadhaa bila kukosea.

Uwanja wetu ulikuwa na kasoro moja. Upande mmoja ulipakana na mlima, na upande wa pili ulipakana na hewa. Mpira ukivuka mstari upande wa bonde ulishuka mpaka mtoni, na sheria ya klabu ilisema aliyeupiga ndiye aufuate. Watu wazima walikaa wakala mapeasi, wengine wakaswali, mchezaji akarudi akihema na mpira chini ya kwapa. Kwa hiyo wachezaji wetu walizoea kucheza upande wa mlima tu. Wote ishirini na wawili walijazana huko kama watu waliobanwa na mvua chini ya paa moja. Sisi watoto tulipocheza na mpira wetu wa majani ya migomba, nasi tulijibana vivyo hivyo, ingawa wetu haukuweza kubingirika hatua tatu.

Ndipo Ujamaa ulipofika, na kijiji kikatakiwa kuwa na shamba la pamoja. Mkutano uliitishwa. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi na nahodha wa timu, na sijui ni cheo kipi alichokithamini zaidi. Bibi Zaina, aliyewasemea akina mama, alisimama akasema:

"Balozi, kwa heshima zote. Kabichi haioti ukutani. Mahali ambapo maji hayakimbii ni pale mnapokimbizana ninyi."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. "Tupeni mechi moja," alisema. "Tukiwafunga watu wa Mombo, uwanja ubaki, kwa kuwa utakuwa umekiletea kijiji heshima. Wakitufunga, jembe la kwanza nitalishika mimi."

Katibu akaandika.

Tuliteremka Mombo kwa lori la mboga, wachezaji, wazee na watoto, juu ya magunia matupu. Kila kona joto liliongezeka. Tulipofika, wachezaji wetu walivaa zile fulana zilizofumwa kwa ajili ya mvua ya Skotilandi, wakaanza kutiririka jasho kabla ya kugusa mpira. Uwanja wa Mombo ulikuwa sawa pande zote mpaka macho yanapoishia. Hoza, mshambuliaji wetu hodari, aliuzunguka wote akitazama chini, kisha akamwendea baba.

"Nahodha, bonde liko upande gani?"

Baba aliyatazama mazingira kwa makini. Alikuwa mtu asiyejibu ovyo. "Tuseme liko kule relini," akasema.

Basi timu ikacheza hivyo. Wachezaji wetu kumi walijibana mbali na reli, na watu wa Mombo, ambao hawakuwa na habari ya bonde hilo, walipita upande wa reli mmoja mmoja kwa nafasi zao, kama wanaokwenda sokoni. Watazamaji wa pale walitupigia kelele: "Enyi Wasambaa! Na huku ni uwanja! Njooni, hamwanguki!" Mara moja Hoza aliusukuma mpira nje upande wa reli. Ulisimama palepale, hatua mbili kutoka mstarini. Yeye alikwisha kuinamisha kichwa na kuanza safari; aliupita, akaenda mbali, ikabidi mwamuzi amwite kwa filimbi. Tulifungwa matano kwa bila.

Mkutano uliofuata ulijaa kuliko ule wa kwanza. Watu walikuwa wamecheka wiki nzima, na kicheko kilikuwa kimewalainisha. Bibi Zaina mwenyewe akasimama.

"Balozi, uwanja ubaki. Shamba tutalitafuta kwingine, hata kama ni kule mbali."

Makofi yakapigwa. Baba akasubiri yaishe.

"Tulikubaliana nini, Bibi Zaina?"

"Balozi, yale yalikuwa maneno ya mpira."

"Yalikuwa maneno ya mkutano," akasema. Akatoka nje, akachukua jembe, akaenda akapiga pigo la kwanza katikati ya uwanja, pale ambapo mchezo ulizoea kuanzia. Jezi alizigawa, familia ya kila mchezaji ikapata moja, nazo zilifaa sana kwa kulazia watoto wachanga.

Kabichi zilistawi, hilo lazima niliseme. Vijana wa leo wana uwanja wa shule uliosawazishwa kwa trekta, wana viatu vya njumu, na mchezaji wa kushoto hukaa kushoto. Wakifungwa husema nyasi zilikuwa ndefu. Sisi wa rika langu tuliopitia vyuoni ndio tunaoendesha mikutano ya kijiji sasa. Jumatatu tunapitisha azimio kwa kauli moja, na Ijumaa tunapitisha jingine la kulifuta, pia kwa kauli moja. Darasani huwafundisha wanafunzi wangu kwamba baba alitenda haki, na ninaamini ninachofundisha. Lakini siku ile nami nilikuwa mkutanoni, nimeketi chini mbele pamoja na watoto wenzangu. Nilimpigia makofi Bibi Zaina mpaka viganja vikauma, macho yangu yakiwa kwa baba, nikimwomba kimoyomoyo kwamba kwa mara hii moja tu awe mtu wa kawaida. Siku hizi watu wa kawaida tumejaa mkutanoni, mimi nikiwa mmojawapo, na makofi hayajapungua.