Aliyekata Geti la Daraja Letu

Geti la daraja letu lilikatwa kwa msumeno wa baba yangu, na baba yangu ndiye aliyekuwa mlinzi wa geti hilo. Ninaanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalonijia kwanza kila ninapopita karibu na karakana ya mbao hapa Biharamulo, upepo ukaniletea harufu ya mkaratusi mbichi unaopasuliwa, ile harufu kali inayofanana na dawa ya mafua. Sikumbuki kwanza mto wala mvua. Nakumbuka meno ya msumeno yaliyoshika unga mbichi, halafu hasira inapanda. Wapo wanaosema hasira za utotoni huyeyuka zenyewe. Yangu nimeitunza vizuri.

Nirudi nyuma ili unielewe.

Kijiji chetu kiko Ngara, upande wa Kibimba, na chini yake kuna bonde lenye mto usio mpana ila wenye kiburi. Kabla ya kutufikia, mto huo hupita kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo. Masika yakikolea, mafunjo hung'oka pamoja na udongo wake yakashuka na maji kama visiwa, vingine vikubwa kuliko nyumba, na ndege wakiwa bado wamesimama juu yake bila wasiwasi, kama abiria waliolipa nauli. Madaraja ya magogo yalikuwa yanabebwa na visiwa hivyo kila mara, hadi fundi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi, alipowatengenezea wazee wetu daraja la namna nyingine. Kipande chake cha katikati kilielea juu ya mapipa. Upande mmoja kilishikwa na bawaba nene, upande wa pili kikafungwa kwa pini ya chuma. Visiwa vikionekana, pini ilichomolewa, maji yenyewe yakakisukuma kipande kile pembeni kama mlango unaofunguka, mafunjo yakapita, kisha wanaume wakakivuta kwa kamba hadi mahali pake.

Hatari ilikuwa kwenye barabara. Iliteremka mlimani, ikapinda katikati ya migomba, na mara uko darajani. Mwenye miguu yake angeweza kusimama. Lakini wabeba ndizi walishuka na baiskeli zilizosheheni mikungu mbele na nyuma, na breki yao ilikuwa kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi la nyuma. Kwa ajili yao kila upande uliwekewa geti, juu kidogo ya kona: mti mrefu wa mkaratusi uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, umefungiwa jiwe zito kwenye kitako ili uinuke kwa urahisi, na mbele yake nguzo yenye panda ya kuupokea ukishushwa. Baba alilinda geti la upande wetu.

Aliilinda kazi ile kama padri anavyolinda altare. Kwanza geti lilale kwenye panda, ndipo pini ichomolewe. Na kwa kuwa waliokaa kwenye pini hawakuweza kumwona kwa sababu ya kona, walisikiliza kishindo cha mti ukianguka. Wakisikia kishindo, wanafungua. Tabia hiyo aliileta hadi nyumbani. Hakuna aliyegusa chakula kabla ya kusikia mlango wa zizi la mbuzi ukigonga. Wenzangu shuleni walimwita Baba Geti, na mimi nilijivuna.

Jirani yetu, uzio kwa uzio, alikuwa Sebastiani, mnunuzi wa ndizi. Alikuwa na vijana wengi wa baiskeli waliompelekea mikungu hadi barabara kubwa ya Kanazi, ambako lori lilisubiri. Wakichelewa, lori liliondoka na ndizi zikamwivia mikononi. Kwa hiyo katika masika hakuna kitu alichokichukia kama ule mti mwekundu na mweupe.

"Baba Adela," alimwambia baba siku moja, akimwita kwa jina langu, vijana wake wamepanga foleni nyuma yake, "unaifunga barabara hii kana kwamba uliizaa wewe."

"Barabara nimeikuta," baba akajibu. "Hawa wanaopita ndio waliozaliwa na watu."

Vijana walicheka, na Sebastiani akacheka kuwashinda. Alikuwa mtu wa kucheka. Alituletea ndizi tamu, alimbeba mdogo wangu mabegani, na wakati wa msiba alikuwa wa kwanza kufika. Ndiyo maana alipokuja kuazima msumeno hakuna aliyeuliza mara ya pili.

"Kitanda cha kijana wangu kimevunjika. Nataka nikate mgrevilea wangu mmoja."

Kwetu kumnyima jirani chombo cha kazi ni sawa na kumfukuza mlangoni. Nilitumwa mimi niutoe kwenye msumari wake, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kesho yake jioni aliurudisha pamoja na mayai yaliyofungwa kwenye jani la mgomba. Nilipokuwa nautundika, nilinusa meno yake. Ulinuka mkaratusi. Nilishangaa kidogo, maana kwa Sebastiani hakukuwa na mkaratusi hata wa kusafishia meno, kisha mayai yakanisahaulisha.

Visiwa vilikuja siku iliyofuata, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka. Nilikuwa nimempelekea baba uji. Alifungua kamba, mti ukashuka kama siku zote, ukapiga panda kwa kishindo, na papo hapo ukakatika katikati. Kipande cha mbele kikabingirika mtaroni. Barabara ikabaki wazi. Kule chini wenzake walikuwa wamesikia kishindo, na pini ilikwisha kuchomolewa.

Baba alivua shati akakimbia kupanda mlima, akilipunga na kupiga kelele. Aliyekuwa anashuka ni Laurenti, kijana wa Sebastiani mwenye nguvu kuliko wote, na kwa sababu ya nguvu zake alipakiwa mikungu kuliko wote. Kandambili yake ilikuwa inatoa moshi. Baba aliurukia mzigo akaukumbatia, na mkungu mmoja ukachomoka ukabaki kifuani kwake, naye Laurenti akampita. Ninamwona mpaka leo, baba yangu amesimama katikati ya barabara, kifua wazi, amepakata mkungu wa ndizi kama mtoto mchanga, na nyuma yake ule mlio wa maji.

Laurenti aliopolewa akiwa hai. Nyonga yake ilivunjika na haikuunga vizuri. Baiskeli haikuonekana tena.

Sebastiani alifika ukingoni ndizi zikiwa bado zinaelea. Hakuuliza kilichotokea. Alianza na jibu, akimnyooshea baba kidole: "Huyu alikuwa amelewa. Geti lilikuwa juu." Mwenyekiti wa kitongoji akaletwa kuutazama mti. Nusu ya mkato ilikuwa na nyuzi zilizochanika, na nusu ya chini ilikuwa laini kama kigoda. Mtoto yeyote angeona. Mwenyekiti aliushika, akamtazama Sebastiani, akasema ni mchwa.

Nilingoja baba aseme. Aliokota shati lake, akaanza kupanda kwenda nyumbani.

Nyumbani nilimweleza habari ya harufu. Aliniziba mdomo kwa kiganja chake, kikiwa bado kinanata utomvu wa ndizi. "Msumeno kijiji hiki ni wangu peke yangu," akasema. "Nikisema mti umekatwa, nimejikata mwenyewe." Hapo ndipo nilipoelewa ujanja wa mayai yale, na nikatamani niyatapike.

Geti likapewa mtu mwingine. Njiani kwenda shule watoto waliniimbia, "Geti la mchwa, baba yake mchwa." Mimi nikaanza kukusanya miiba ya mlimau kwenye kopo la maziwa, nikiichagua ile mirefu na migumu, kwa ajili ya tairi za baiskeli za Sebastiani. Niliificha chini ya kitanda na kila jioni niliitazama kama mtu anayetazama akiba yake. Mama aliliona kopo.

"Ya nini hii?"

Nilimwambia.

"Utawatoboa vijana maskini wanaosukuma mizigo ya watu," akasema. "Yeye mwenyewe anatembea kwa miguu. Tumia akili unapomchukia mtu."

Kilichonichoma zaidi ni kwamba baba aliendelea kumsalimu. Asubuhi, juu ya uzio, "Umeamkaje, jirani?" Sebastiani anacheka, baba anatikisa kichwa. Niliamini baba ameogopa. Nililia kwa ajili ya woga ule kuliko nilivyolia kwa ajili ya geti.

Kiangazi kikaja, na Sebastiani akafanya sherehe ya kumpokea mkwe. Sote tukaalikwa, maana kumwacha jirani kungeleta maswali. Mama anakumbuka kwamba baba alinyoa ndevu siku ile akavaa shati lake la kanisani, na kwamba siku kadhaa kabla yake alizunguka kwa wazee akiwahimiza wasikose. Nilifikiri anakwenda kujipendekeza.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze jambo moja. Pombe ya ndizi, lubisi, katika sherehe huwekwa katikati kwenye chungu kikubwa, na watu wa heshima hukizunguka, kila mmoja na mrija wake, wakinyonya kutoka humo kwa pamoja. Kunywa chungu kimoja na mtu ni kutangaza kwamba hakuna kibaya kati yenu. Na ukiuchomoa mrija wako kwa sababu ya mtu aliyeinama karibu nawe, umemshtaki mbele ya wote. Hakuna anayefanya hivyo kwa mzaha. Akionekana amesingizia, yeye ndiye hatapewa mrija popote maisha yake yote.

Baba alikunywa kwanza. Alikunywa taratibu, kama mtu mwenye nafasi. Sebastiani akaja na mrija wake mpya, akacheka na huyu, akamgonga yule begani, akainama. Baba akauchomoa mrija wake. Akaufuta kwa kitambaa, akauvunja, akaviweka vipande chini mbele ya miguu yake. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye mkeka, nikasikia ule mvunjiko.

"Baba Adela, kulikoni?" akauliza bibi mmoja mzee aliyekaa upande wa pili wa chungu.

"Sinywi na mtu aliyekata geti la daraja kwa msumeno wangu."

Alisema hivyo tu. Sebastiani akacheka, na kile kicheko hakikupata wa kukipokea. "Jamani, pombe imempanda mapema! Nani ananijua mimi kama fundi?" Yule bibi alimtazama baba muda mrefu, kisha akauchomoa mrija wake. Halafu mwingine. Mwenyekiti aliushika wake, akaangalia kulia na kushoto, akautoa kwa kujificha kama mtu anayetoa mwiba. Povu lilibaki juu ya chungu, jeupe, likipasuka polepole, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Ni mtu mmoja tu aliyeendelea kunywa: Laurenti. Alikuwa ameletwa mgongoni mwa mwenzake na kuketishwa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa. Alikunywa macho yakiwa chini, mashavu yakiingia na kutoka.

Tangu siku ile Sebastiani hakupata wa kunywa naye. Wazee hawakumwita kwenye posa wala kwenye msiba, na vijana wa baiskeli, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kumbebea mikungu mnunuzi mwingine. Kabla ya masika kurudi aliuza shamba akahamia Nyarubungo. Siku wanapakia vyombo nilisimama kwenye uzio nikatazama mpaka mwisho. Mama aliniita nije kupepeta maharage, sikuitika.

Niliwahi kudhani kwamba baba alikuwa mpole aliyesukumwa hadi ukutani. Ni baada ya kuwa mtu mzima, nikiyapanga mambo haya moja baada ya jingine, ndipo nilipoona alivyokuwa amengoja. Zile salamu za juu ya uzio zilikuwa za kuhakikisha kwamba atakaribishwa. Angeweza kumshtaki Sebastiani barabarani, akabishiwa. Alichagua nyumba ya Sebastiani mwenyewe, pombe yake, wakwe zake, ili aaibike mbele ya watu ambao hangeweza kuwakwepa maisha yake yote. Hakuwa na msamaha hata kidogo, na kwa hilo ninampenda.

Na jambo jingine nililielewa kwa kuchelewa, tena bila kupenda. Kijiji kizima kilimrudishia baba jina lake. Walimrudishia geti pia, akalishika hadi lilipojengwa daraja la zege na mageti yakang'olewa. Lakini aliyevunjika ni Laurenti, na tangu siku aliyoopolewa, aliyemlisha ni Sebastiani. Hata baada ya kuhamia Nyarubungo hakuacha kumtumia unga, sabuni, na karo za wanawe. Laurenti akikubali kwamba Sebastiani ndiye aliyeukata mti ule, atakuwa amekubali ulikotoka kila mlo aliowapa watoto wake.

Sasa Laurenti ni mzee mwenye mkongojo. Baba amekwisha kuzikwa. Laurenti hakuja kuzika. Nikienda nyumbani huwa namkuta amekaa nje ya duka, na mwaka huu nilimwendea nikapiga magoti kama inavyopasa.

"Shikamoo, mzee."

Alinitambua. Nilimwona akinitambua.

"Wewe si wa yule wa geti?" akasema. "Geti lilikuwa juu, binti. Mimi ndiye niliyekuwa nashuka."

"Mzee, unaujua msumeno uliolikata."

Alichukua muda kuuweka mguu wake mbovu vizuri. Hakuniitikia marahaba, na hajaniitikia mpaka leo.